Kupiga picha vidani, pete na herini kwa msichana asiyezoea kamera: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Mombasa

Maswali haya hunijia kwa simu, harusini, mara nyingine kwenye feri ya Likoni mtu akiwa amebeba kuku. Wengi wanaouliza ni mafundi wenyewe: watunga shanga, wafua shaba, wanaochonga pembe za ng'ombe na vifuu vya nazi. Wanauza kwa simu, hawana pesa za modeli wa kulipwa kwa saa, ila wana binamu, jirani au mtoto wa dada. Nimejibu hapa kama ninavyojibu kwa mdomo.

Kwani lazima kivaliwe na mtu? Si nikitandaze juu ya kitambaa nipige?

Kitandaze pia. Picha ya juu ya kitambaa inaonyesha kazi ya mkono: mafundo, kishikizo, rangi ya kila shanga. Lakini mnunuzi aliye Nakuru au Dubai hajui kidani kitamfika wapi. Kwenye mtulinga ama kifuani? Herini ni ndogo kama sarafu ya shilingi 10 ama ni kisahani? Unaweza kuandika sentimita, na uandike, ila watu hawazisomi, wanatazama shingo. Tena kuna namna shanga zinavyolala. Juu ya kitambaa zimelala tu. Juu ya mtu zinafuata mwili, na hapo ndipo mnunuzi anajiona yeye.

Nichague msichana wa aina gani?

Si lazima awe yule anayesifiwa mtaani. Kama unauza pete, tazama mikono. Kama unauza herini, tazama masikio: matundu yako sawa kwa sawa, au moja limevutika kwa herini nzito za miaka? Shingo ndefu hupendeza kwa kidani kipana, lakini shingo fupi si kosa, ni ya mkufu mrefu.

Mimi nina kipimo changu kimoja. Huangalia ni nani anayechezea bangili zake anapozungumza. Huyo mikono yake ishajua kazi, hata kama uso unaogopa.

Awe ametimiza miaka 18. Akiwa mdogo, mzazi awepo na mzazi ndiye atie sahihi.

Nimwambie nini kabla ya siku yenyewe?

Kwanza hina. Hina hukaa mkononi wiki moja hadi mbili, kwa hivyo ukimwambia jana yake umechelewa. Kama seti ni ya bi harusi, hina ni sawa, hata piko, ile rangi nyeusi. Kama ni pete nyembamba ya fedha, maua ya piko yataimeza.

Kucha ziwe fupi na safi. Rangi ya kucha ama isiwepo, ama iwe moja vidole vyote na isiyobanduka. Mafuta ya ngozi apake usiku, asubuhi asiongeze, maana mafuta ya nazi yakifika kwenye uzi wa shanga uzi hugeuka rangi na hautakatiki tena. Udi na manukato atumie kabla ya kuvaa, kamwe asijipulizie juu ya fedha au kitu kilichopakwa dhahabu.

Saa ya mkono, mpira wa nywele kwenye kifundo cha mkono, sidiria yenye mikanda ya kubana: avivue saa nzima kabla, kwa sababu alama zake kwenye ngozi hazitoki haraka na kamera huziona zote.

Nguo iwe ya rangi moja. Watu hupenda kuniletea leso, na leso ni vazi letu, lakini leso ina jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Mtu wa pwani akiona leso husoma jina kwanza. Utapiga kidani cha wiki tatu za kazi, na anayetazama atakuuliza, "Hapo chini pameandikwaje?" Ukiitaka leso, ikunje jina lisionekane, au tumia pindo peke yake.

Amefika, amekauka kama gogo. Kila picha kama ya kitambulisho. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine ni ya vifaa.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa na binamu yangu na pete nane za shaba. Nilimsimamisha ukutani nikamwambia atabasamu. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa na daktari afungue mdomo. Nikamwambia, "Jiachie tu." Akazidi kukaza. Dakika 40 zikapita hivyo, mimi nahema, yeye anaomba radhi. Mwisho nikaweka kamera chini. Khalti, dada ya mama, akaleta kahawa tungu na kashata. Binamu yangu akaishika finjani, ilikuwa ya moto, basi akaishika kwa ncha za vidole viwili, cha tatu kikaelea, akaileta karibu na mdomo akaipuliza. Pete niliyohangaika nayo ikawa imekaa mbele ya mwanga wa dirisha kama iliyoambiwa. Nikainua kamera polepole. Picha sita, na tatu kati yake zilikwenda kwa mnunuzi.

Tangu siku ile simwambii mtu akae vipi. Nampa kazi. Amenye chungwa. Afunge kishikizo cha mkufu mwenyewe, mikono nyuma ya shingo. Apachike asumini kwenye nywele. Akunje leso. Ahesabu bangili kwa kuzisukuma moja moja hadi kiwiko. Mkono ulio kazini haujui kuogopa, na uso unaoangalia mkono unatulia wenyewe. Wewe kazi yako ni kungoja na kumwambia arudie, polepole kuliko mara ya kwanza.

Utaratibu nao una maana. Anza na mikono, halafu vifundo vya mikono na bangili, halafu shingo kwa nyuma, halafu sikio kwa upande. Uso wa mbele uwe wa mwisho, kama utauhitaji. Akijua kwamba nusu saa ya kwanza uso wake haumo kwenye picha, mabega yanashuka bila kuambiwa. Picha 20 za mwanzo usizihesabu, na usimwonyeshe. Mwonyeshe ya kwanza iliyo nzuri kweli.

Chunga uso wako mwenyewe. Mgeni wa kamera hakutazami mkono, anakutazama usoni. Jua likiingia winguni ukakunja uso, yeye anadhani amekosea yeye. Sema kwa sauti: "Mwanga umehama, wewe uko sawa." Usiseme "geuka kushoto", maana hajui ni kushoto kwako au kwake. Geuka wewe, atakufuata kama kioo.

Watazamaji watoke. Kaka yake akisimama mlangoni akitia mzaha, siku imekwisha. Abaki mwanamke mmoja anayemwamini, bora awe fundi mwenyewe, ambaye ndiye atakayemrekebisha kidani shingoni. Mpiga picha asimguse bila kuuliza, na mpiga picha mwanamume asimguse kabisa.

Saa moja na nusu inatosha. Baada ya hapo anachoka machoni, na uchovu wa macho hauna dawa.

Mikono yake ni mizuri lakini kwenye picha inatoka mikubwa, mishipa imesimama.

Ainue mikono juu ya kichwa kwa nusu dakika, kisha aikung'ute. Damu inashuka, mishipa inalala. Ikianza kusimama tena, arudie.

Ukubwa unatokana na kuelekeza mgongo wa mkono wote kwenye kamera. Geuza ili upande wa kidole cha mwisho ndio utazame lenzi, mkono utakonda papo hapo. Vidole visibanane wala visitanuliwe. Mimi husema, "Shika kama umeshika kifaranga." Akikibana kitakufa, akikiachia kitakimbia.

Na shingo?

Mwambie alete paji la uso mbele kidogo, kidevu chini kidogo. Atajihisi kama kobe. Mwonyeshe picha mbili, ya kabla na ya baada, hatalalamika tena. Piga akimaliza kutoa pumzi, sio akivuta, maana akivuta pumzi mishipa ya shingo hutokeza na mabega hupanda.

Kwa herini, kamera iwe kimo cha sikio, sio kimo chako ukiwa umesimama. Nywele ziende nyuma ya sikio, au azifunge. Ile herini ya upande wa pili ikitokeza nusu chini ya kidevu, ivue. Hakuna atakayejua, na jicho halitapotea. Kisha ngoja ile iliyobaki iache kuyumba.

Msichana wangu havui ushungi. Herini nitapigaje?

Usimvulishe, na usimzungushe kwa maneno mpaka akubali shingo upande. Picha ya mtandaoni haina mlango wa kufunga, hata kama mpiga picha ni mwanamke na chumbani ni nyinyi wawili tu.

Mpe pete, bangili, kidani kirefu juu ya buibui. Nguo nyeusi bila mng'aro ni uwanja mzuri kuliko ukuta wowote wa Mombasa: fedha inasimama, shanga nyekundu zinawaka. Herini azishike mkononi, moja imelala kiganjani na nyingine ikining'inia kutoka kidole, au azilaze juu ya mkunjo wa ushungi. Kama ni lazima zionekane sikioni, tafuta mtu mwingine kwa herini tu. Picha ya sikio haidai uso.

Tupige saa ngapi, na wapi?

Saa rahisi: asubuhi mpaka saa 3, jioni kuanzia saa 10. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua la mchana linakaa karibu na utosi mwaka mzima, na mwezi wa Machi na wa Oktoba linafika utosini hasa. Jua la utosini linafanya macho mashimo mawili meusi, na kibaya zaidi kwa kazi yetu, linaangusha kivuli cha kidevu juu ya kidani chenyewe. Unapata kidevu kinachong'aa na kidani kilicho gizani. Jioni nayo usichelewe. Huku magharibi haikawii, ule mwanga wa manjano ni wa nusu saa hivi, halafu giza.

Lakini siri yangu si saa, ni kivuli. Vichochoro vya Mji wa Kale, Kibokoni na pande za Ndia Kuu, ni vyembamba, nyumba ndefu, na kuta nyingi ni nyeupe. Jua linapiga ukuta wa upande mmoja, ukuta unalirudisha likiwa limelainika kwa aliyesimama upande wa pili. Huo ukuta ni taa ya bure ya mita 6. Angalia tu rangi yake. Tangu kaunti iagize mwaka 2018 majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu, kuna mahali ukisimama karibu na buluu fedha inatoka kama bati. Ukuta wa manjano unafanya fedha ifanane na shaba, nayo shaba haibadiliki sana.

Milango ya nakshi mimi naikwepa, na najua nitachukiwa kwa kusema hivyo. Ni mizuri mno. Nakshi ya mlango na nakshi ya kidani zikikaa fremu moja zinagombana, na mlango ndio mkubwa. Ukitaka mlango, simamisha msichana mbali nao, hatua nne au tano, uwe rangi tu nyuma yake.

Mtaani piga hodi. Baraza ni la mtu, hata kama hayupo. Salimia, eleza unafanya nini, usipige wapita njia, hasa kina mama, na ikifika adhana weka kamera chini upishe watu. Mimi huenda na fundi anayejulikana mtaa ule. Tukifika na shanga mkononi, wazee wanauliza bei badala ya kuuliza tumetoka wapi.

Ngome ya Yesu, Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ina kuta za matumbawe zenye vinyweleo, na shaba ikiegemezwa pale hupendeza sana. Lakini ni makumbusho ya taifa na tangu 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Picha za biashara zina ruhusa yake na ada yake, na tiketi ya mgeni haitoshi. Nenda ofisini kwao mapema, usiingie na begi la kamera ukitumaini.

Pwani, kama Nyali, mchanga mweupe hurudisha mwanga chini ya kidevu, jambo zuri kwa kidani. Ubaya ni kwamba chumvi inaharibu shaba na fedha, na mchanga ukiingia ndani ya kishikizo unakwaruza. Ukitoka pale futa kila kipande kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, kisha kikavu, usingoje kufika nyumbani. Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari, jioni ni pazuri kwa kutembea. Kwa herini ndefu msimu wa kusi, upepo utakuchezea wewe na msichana na herini.

Na kama hutaki safari, kaa mlangoni pako. Weka kigoda hatua moja ndani ya nyumba, msichana atazame nje, wewe simama nje kidogo upande. Tandaza shuka nyeupe sakafuni mbele ya magoti yake. Nusu ya picha zangu zimepigwa hivyo, na watu huniuliza studio iko wapi.

Jasho je?

Karatasi ya tishu, bonyeza, usisugue. Ukitumia poda, vua kidani kwanza, kwa sababu poda ikiingia kati ya shanga ndogo utaitoa na mswaki mpaka usiku. Jasho jembamba kwenye mtulinga mimi huliacha, linang'aa vizuri na shaba.

Feni ielekezwe miguuni, isimpige usoni akapepesa macho.

Lenzi yangu imepata ukungu, nikifuta unarudi.

Umetoka chumba chenye AC ukaingia joto la nje. Hewa yetu ina unyevu, ikigusa kioo baridi inageuka maji, kama nje ya gilasi ya madafu yenye barafu. Usifute. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto taratibu. Usiivue lenzi kwenye kamera wakati huo. Au ulale bila AC siku moja kabla, kama mimi, ambaye sina AC.

Nina simu tu. Inatosha?

Inatosha kwa mtandaoni. Futa lenzi kwanza, kwa kitambaa cha miwani. Simu inayoishi Mombasa ina utando wa chumvi na mafuta ya vidole, na watu wengi wanaolalamika "simu yangu haina picha safi" wana simu chafu.

Usimkaribie. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, ukiwa karibu na uso pua inakuwa kubwa na sikio linakimbia nyuma pamoja na herini. Rudi nyuma hatua mbili, tumia 2x kama simu yako ina lenzi hiyo. Zima urembo wa uso, ule unaolainisha ngozi, kwa maana unalainisha na shanga. Na ile modi ya picha za watu inayofifisha nyuma iache: haijui kulabu ya herini ni nini, inaikata ikidhani ni nywele.

Weka kidole juu ya kito kwenye kioo cha simu, kishikilie mpaka fokasi ifungwe, kisha vuta mwanga chini kidogo mpaka mng'aro wa chuma uache kuwa doa jeupe.

Nina kamera. Nifungue lenzi mpaka mwisho nyuma ififie?

Hapana. Hesabu ni hii: lenzi ya 85mm kwenye kamera ya fremu nzima, ukiwa mita moja kutoka kwa msichana, kwenye f/2, tundu la lenzi likiwa wazi sana, kina cha kitu kilicho safi ni kama sentimita moja na nusu. Kidani kinachozunguka shingo kina kina zaidi ya hapo. Utapata shanga tatu safi na zingine ukungu. Kwenye f/8, tundu likiwa dogo, unapata sentimita 6 hivi, kidani kizima kinaingia. Nyuma ififie kwa umbali, sogeza msichana mbali na ukuta. Kasi ya kupiga isipungue 1/200 ya sekunde, maana herini huyumba hata mtu akiwa ametulia. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipande mpaka 800 ikibidi, usiogope.

Fokasi iwe kwenye kito, si jichoni. Waliozoea picha za harusi hukosea hapa kila siku.

Ngozi yake ni nyeusi. Ama anatoka kivuli kitupu, ama shaba inaungua, inageuka doa jeupe.

Kamera si mtu, haijui inatazama nini. Inataka kila kitu kiwe cha kati, si cheupe si cheusi. Ukimweka mbele ya ukuta mweupe, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, naye anazama. Ukimkaribia mpaka ngozi nyeusi ijaze fremu, inaona giza, inaongeza mwanga, na chuma kinaungua na ngozi inakuwa ya kijivu. Kwa hivyo ukuta mweupe, ongeza. Ngozi imejaza, punguza. Pima kwa chuma. Kilichoungua hakirudi, ila ngozi iliyo gizani kidogo unaweza kuivuta baadaye.

Usimweke poda ya kumfanya mweupe, tafadhali. Dhahabu na shaba zilikuwa zinangoja ngozi ile.

Naiona sura yangu ndani ya bangili.

Chuma kilichosuguliwa ni kioo. Kinaonyesha shati lako jekundu, simu yako, dirisha, na paka. Vaa nyeusi. Buibui langu ndilo kifaa changu cha kwanza cha kazi, limenifaa kuliko taa. Kisha mpe chuma kitu cha kutazama: kadibodi nyeupe upande mmoja, nyeusi upande mwingine. Ile nyeusi ndiyo huchora ukingo wa bangili, bila yake bangili nyeupe hupotea kwenye mwanga mweupe.

Alama za vidole futa kila baada ya picha chache. Shaba iliyofifia isugue kwa ukwaju au ndimu na chumvi siku moja kabla, uioshe, uikaushe. Usifanye hivyo kwa kitu kilichopakwa rangi ya dhahabu wala chenye shanga.

Pete ni kubwa, na kidani kinageuka kila mara.

Kipande cha selotepu ndani ya pete, upande wa kiganja. Kidani kikamate kwa nyuma na kibanio cha nywele au pini kwenye kola. Hakuna anayepiga picha mgongo.

Kuna fundi ameniletea bangili ya gamba la ng'amba, nzuri ajabu. Nipige?

Usipige, usiuze, usiiweke nyumbani kwako. Ng'amba ni kasa, na kasa wote wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, sawa na pembe za ndovu. Pembe ya ng'ombe ikisuguliwa vizuri ina mawimbi yale yale ya rangi ya asali.

Kuhariri kunaruhusiwa kiasi gani?

Ondoa chunusi, usiondoe kovu bila kumuuliza mwenye kovu. Rangi za shanga zibaki zilivyo: weka karatasi nyeupe karibu na kidani kwenye picha ya kwanza, urekebishe rangi mpaka karatasi iwe nyeupe, kisha tumia kipimo hicho kwa zote. Siku moja mnunuzi alimrudishia fundi kidani kwa sababu kijani cha picha kilikuwa buluu kwenye bahasha. Kosa lilikuwa langu, nauli ilikuwa ya fundi. Nikamlipa.

Ukimtumia fundi kwa WhatsApp, tuma kama faili, sio kama picha ya kawaida, isije ikabanwa na shanga zikawa uji.

Ni binamu yangu. Kweli nimlipe? Na karatasi za nini?

Mlipe. Nauli, chakula, na pesa ya kazi, kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Kumpa herini moja ni zawadi, si malipo, isipokuwa yeye mwenyewe amechagua hivyo.

Karatasi iwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili anachokisoma: picha zitatumika wapi, kwa muda gani, analipwa nini, uso utaonekana au la, na akibadili nia afanyeje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa data yake, na ridhaa aliyoitoa anaweza kuiondoa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hao si mashirika makubwa ya ng'ambo, ni biashara za hapa hapa Kenya.

Picha iliyotoka bora kuliko zote, yeye haitaki. Niitumie?

La.

Mwulize nini hakipendi, pengine ni jambo la kukata tu. Msichana mmoja alikataa picha ambayo mimi na fundi tuliishangilia, alikuwa anacheka, kidani kimeruka kidogo, mwanga umeshika kila shanga. Alisema ni jino. Nikakata juu ya mdomo, ikabaki kidevu, shingo na kidani kikiwa hewani. Akaitazama muda, akasema, "Hiyo sawa, lakini usimwonyeshe kaka yangu ile nzima." Ile nzima nimeifuta.